Skrubu nne za seremala anayesubiri kipimo

Randa inapita mara tatu juu ya ubao, kisha inasimama. Seremala anajishika kifua, anakohoa, anaegemea meza yake ya kazi.

"Kaka, lete nimalizie," anasema mdogo wake.

"Wewe usiguse kitu!"

Mdogo mtu anarudi kupiga msasa. Maneno haya ameyazoea tangu wiki iliyopita.

Seremala ana saratani ya mapafu. Zamani alimaliza milango miwili kwa wiki. Sasa mmoja unamla mwezi mzima. Daktari alimweleza kuwa ipo dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, ila haimfai kila mgonjwa. Lazima kwanza seli za uvimbe zipimwe, ionekane kama zimebeba antijeni, yaani alama ambayo kinga huitumia kumtambua adui.

Basi akachomwa sindano ndefu mbavuni, kikatolewa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe. Maabara yenye kipimo hicho iko mji mwingine, na anayepeleka ni ndugu wa mgonjwa. Mdogo wake akakabidhiwa kichupa chenye nyama ndani ya dawa ya kuihifadhi.

Njiani akakifungua. Dawa ikamwasha macho. Akaona kitu kikali namna ile kitaiunguza nyama ya kaka yake. Akaimwaga, akatia maji safi ya kunywa.

Nyama ilifika imeoza. Alama hazikusomeka.

"Nilikuonea huruma, kaka," anajitetea mdogo wake.

"Huruma gani?" seremala anafoka. "Miaka yote tunapaka mbao dawa zisioze, siku hiyo ndiyo ukasahau? Umeniosha kama kitoweo!"

Mkewe, anayefagia maranda mlangoni, anajikaza asicheke. Anashindwa.

Keshokutwa seremala atachomwa tena. Yeye atakuwa kitandani, mkewe pembeni yake, na wa kutumwa ni mdogo wake yule yule. Hilo ndilo linalomchosha kuliko kikohozi.

"Huenda alama isiwepo," anasema. "Sawa. Lakini niambiwe na kipimo, siyo na huyu bwana."

Ndiyo maana leo mlango wa mteja umewekwa kando. Ubao anaoupiga randa ni kifuniko cha kisanduku kidogo, chenye tundu la kusimamisha kichupa. Kitafungwa kwa skrubu nne.

"Kaka, na kama maabara hawana bisibisi?"

"Watatafuta," anajibu seremala, akiisukumia yake mfukoni. "Hii nalala nayo mimi."