Vioo vya Saluni ya Mke Wake

Mtaani walimwita Radi, kwa sababu ya flashi yake. Alikuwa amemulika maharusi mpaka wajukuu zao, lakini mkewe, aliyekuwa msusi, hakuwa na hata picha moja ya maana akiwa kazini. Na kesho asubuhi fundi angekuja kubandua vioo vya saluni. Vidole vya mkewe vilishaanza kukakamaa, anaacha kazi, na chumba kilishapata mpangaji mwingine. Kama si leo, basi tena.

"Mimi ni mke wa mpiga picha asiye na picha," aliwaambia wateja, nao wakacheka kana kwamba hawajawahi kulisikia.

Si kwamba Radi hakujaribu. Saluni ilikuwa na vioo kuta tatu, vinatazamana, na kidirisha kimoja. Bila flashi, giza. Ukiwasha flashi, mwanga unagonga kioo, unarudi, na kwenye picha donge jeupe linakaa mahali pa uso. Alisimama upande, kioo cha pili kikamsaliti. Akaifunika flashi kwa leso. Donge likapungua, halikuondoka. Akaielekeza darini, ambako mkewe mwenyewe alikuwa amepaka rangi ya mafuta ya kijani walipopanga chumba, wakiwa bado wachumba, saluni ina kiti kimoja tu. Wateja wote wakatoka kijani.

"Umetuua, Radi!" Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Alicheka sana siku zile. Radi alikuwa akijibanza mlangoni, eti anasubiri mvua ikatike, ili tu amtazame mikono ikikimbia kichwani mwa mtu, redio ikiimba juu ya kabati, draya ikivuma, chumba kizima kikinuka mafuta ya nywele. Mvua yenyewe mara nyingine haikuwapo.

Leo binti yao alikaa kitini, nywele nusu zimesukwa. Jirani, mteja wa mwisho, taulo bado kichwani, alipewa shuka jeupe alinyanyue nyuma ya Radi. Radi akaigeuza flashi impe mkewe kisogo na ilitazame shuka, mwanga urudi umetawanyika, mlaini, usio na donge.

"Shemeji, yaani mimi leo nimekuwa kamba ya kuanikia nguo?"

"Inua kidogo. Kamba haisemi."

"Tayari?" Radi akauliza. Akafyatua. Vioo vikatulia, hakuna kilichomrudishia mwanga.

"Mama, umefumba macho!" binti akasema.

"Sijafumba."

Akafyatua tena. Mkewe akafumba tena.

"Nifanyeje? Miaka yote unanipiga radi usoni, macho yameshajifunza kukimbia."

Filamu ilibakiwa na picha moja. Radi hakuuliza tena kama yuko tayari. Alijifanya anafuta lenzi kwa shati.

"Hivi mteja wako wa kwanza si yule mwalimu?"

"Mwalimu gani, wewe! Alikuwa bibi harusi." Mikono ikarudi yenyewe kwenye nywele za binti. "Akasinzia hapo hapo kitini, bwana harusi akaja mbio anadhani kakimbiwa. Nikamwambia, baba, mkeo yupo, ila nusu ya kichwa bado—"

Radi akafyatua.

Picha iliposafishwa, vioo vilikuwa vimeshabebwa. Radi alimpa mkewe mezani, baada ya chakula, akasimama akisubiri hukumu.

"Mdomo wazi kama nadai kodi," mkewe akasema.

"Macho lakini?"

Mkewe aliisogeza picha karibu na taa. Macho yalikuwa wazi, yanacheka, na nyuma yake kila kioo kilimwonyesha tena, kila mara mdogo zaidi, mpaka akawa tone. Akaweka kidole juu ya kioo cha kushoto.

"Hiki ndicho kilichopasuka siku ile tulipohamisha kabati. Unakumbuka ulivyonilaumu?"

"Ulikisukuma wewe."

"Nani? Kaa chini, nikukumbushe."

Radi akapunguza redio, akavuta kiti.