Kinyozi na Manyoya ya Paka

Kinyozi tunayepanga naye nyumba haketi kwenye kochi kabla hajalipangusa kwa kiganja na kulipuliza, fuu! "Nywele za wateja kuzifagia ni kazi yangu," hulalama. "Manyoya ya paka wenu yananihusu nini, jamani?" Jana akaitisha kikao ili paka ahamishwe. Akiwa katikati ya mashtaka, mshtakiwa akamrukia mapajani. Vidole vya kinyozi, kwa mazoea tu, vikamwinua kidevu, vikamgeuza shavu, vikaanza kumchana nyuma ya sikio. "Tulia, bosi." Tulipoulizana nani anataka paka aondoke, alinyoosha mkono peke yake. "Aende zake!" alifoka, kisha akashusha sauti. "Ila si leo. Upande wa kushoto bado sijaugusa."