Mashini Iliyomhukumu Gaju

Solange Umulisa alizaliwa kwa wafugaji wa Ngungu, na kabla vita havijawang'oa kule, majirani walimcheka kwa zoea lake la kupiga ng'ombe picha. Alikuwa akisoma enformatike, elimu ya kompyuta, mjini Goma. Mwalimu alimwambia mashini hufundishwa kama mtoto mdogo: huielezi kitu, unaionyesha mifano hadi ikitambue. Ukiionyesha ng'ombe wazima na wagonjwa wa kutosha, itakutajia mgonjwa yenyewe. Solange aliamini kazi hiyo ingelisha ukoo mzima.

Wazima aliwapiga picha nyumbani, kwenye majani mabichi ya kilimani. Kisha risasi zikalia, wakakimbilia kambi ya wakimbizi. Wagonjwa aliwapiga picha kambini, kwenye matope, ambako mifugo iliyonusurika ilikuwa ikifa.

Baba yake, Papa Rukundo, alibakiwa na ng'ombe mmoja tu, Gaju. Kumkamua kila asubuhi ndiko kulikomfanya bado ajione mtu. Mashini ilipokuwa tayari ndani ya simu yake, Solange alimwelekezea Gaju simu hiyo.

"Papa, iko mugonjwa."

"Mbona anakula muzuri?"

"Ugonjwa iko ndani. Ataambukiza ng'ombe za wengine. Bora wamuchinje."

Mzee alimpapasa Gaju shingoni kwa muda mrefu. "Weye njo mwenye ulisoma," akasema, akamwachia uamuzi. Fahari ya kusomesha binti ilimponza, maskini.

Mchinjaji alipasua mapafu, akapasua ini: safi kabisa.

Solange alirudia picha zake moja moja, na hapo akaona alichofanya. Mashini haikuwahi kumtazama ng'ombe. Ilikuwa imejifunza majani na matope: penye majani ni mzima, penye matope ni mgonjwa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na kwa wiki nzima hakuthubutu kumtazama baba yake usoni.

Baadaye alikwenda kuomba kazi Goma, akaulizwa kosa lake kubwa. Akalisimulia lote. Wakamchukua palepale, kwa sababu walitaka watu wanaojua mashini hudanganyika wapi. Alirudi kambini na habari hiyo, na aibu yake.

"Na kosa yenyewe ilikuwa nini?" Papa Rukundo akamuuliza.

Akamweleza yote, majani na matope. Mzee akaangalia mahema, watu, miguu yake mwenyewe.

"Basi haikukosa sana, mutoto yangu," akasema. "Huku ni nani iko muzima?"