Jibu la Kwanza Lilikuwa Limenunuliwa

Saa mbili asubuhi, chumba cha intaneti karibu na stendi ya Moshi kimefunguliwa sasa hivi, na Theodora Mtui amekwisha kugombana na kompyuta. Kila akiiwasha, ukurasa uleule unamkodolea macho. Anaufunga. Unajifungua tena.

"Huu! Huu huu!" anasema, akiugonga kioo kwa kidole. "Ndio ulionidanganya."

Nasrin, msichana anayehudumia chumba hicho, anatazama mlangoni kwanza. Kisha anainama, anaandika anwani nyingine na kuondoka upesi.

"Tumia huo, dada. Bosi akija nitasema umeufungua mwenyewe."

Ni Mei 2003. Masika yanaisha, na mwezi ujao wageni wa kupanda Kilimanjaro watajaa tena. Kabla hawajafika, Theodora anataka kuandika upya maelezo ya afya wanayosomewa wapagazi. Maelezo ya kwanza nusura yamzike mtoto wa dada yake.

Theodora ana miaka 36. Ni mhudumu wa afya katika zahanati ya kijiji huko Kilema, juu ya Himo. Kabla ya kila msimu, kampuni moja ya kupandisha wageni ilikuwa ikimwita awafundishe wapagazi huduma ya kwanza, kwa shilingi elfu ishirini. Kitabu hana, na daktari wa kumuuliza yuko mbali. Kwa hiyo hushuka Moshi, akalipa shilingi elfu moja kwa saa na kutafuta kwenye intaneti.

Kutafuta huko kuna vyombo vyake, viitwavyo injini za kutafutia. Unaandika maneno yako, nayo injini inakuletea kurasa za watu duniani zenye maneno hayo. Injini zipo nyingi, na kila moja ina namna yake ya kuamua kipi kitangulie. Hilo Theodora hakulijua. Nani angemwambia?

"Desemba niliandika kwa Kiingereza changu cha zahanati: ugonjwa wa mlima, Kilimanjaro, wapagazi," anasimulia. "Jibu la kwanza likasema wenyeji waliozaliwa mlimani hawapatwi na ugonjwa huo, wanaopatwa ni wageni. La pili likasema vilevile. La tatu nalo. Nikasema, watatu wamekubaliana, basi ni kweli."

Anakunja uso.

"Halafu lilikuwa tamu. Sisi huku juu tangu utoto tunaambiwa mlima haumdhuru wa kwake. Sasa nalikuta kwenye kompyuta ya Wazungu. Ningelikataaje?"

Akaliandika. Akalisoma uani kwa kampuni, mbele ya wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Wakapiga makofi.

Jovin, mtoto wa dada yake, mwenye miaka 22, alikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Mwishoni mwa Februari, siku ya tatu ya safari, kichwa kikaanza kumpasuka. Akanyamaza. Alipotapika, wenzake wakamcheka: "Wee Jovin, umegeuka mgeni? Tukubebee na mkoba?"

Akajitwisha mzigo, akapanda. Kesho yake alishushwa kwa machela, akikohoa povu lenye damu. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, na homa ya mapafu ikadandia hapohapo.

Ameponea chupuchupu. Hata leo hawezi kubeba mkungu wa ndizi kutoka shambani. Hukaa kigodani nyuma ya nyumba na bakuli la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama ambao Wachagga humpa mwanamke aliyejifungua.

"Tazama nilivyogeuzwa mzazi," anasema, akicheka hadi kikohozi kimkatize. "Mtori asubuhi, mtori jioni. Bado kunyonyesha tu."

"Nyamaza wewe!" Theodora anamkaripia. "Si ungesema kichwa kinauma?"

"Ningesema nini, mama mdogo? Wewe ndiye uliyetusomea kwamba hatuumwi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomrudisha Moshi. Alimbana Nasrin amweleze kwa nini majibu yaleyale matatu hukaa juu siku zote.

"Yale ya juu yamelipiwa, dada," Nasrin alimjibu kwa sauti ya chini. "Kampuni za utalii za ng'ambo zinalipa ili zitangulie. Anayelipa zaidi anakaa juu zaidi."

"Nawe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nikachapishe?"

"Bosi alisema asiyeutaka ukurasa ule akatafute kazi kwingine."

"Nilikuwa nimeinua mkono kabisa," anasema Theodora. "Nikaona anautazama mlango, bosi asije akasikia. Nikajua si huyu wa kupigwa."

Mwenye chumba, Bwana Zaidi, haoni kosa. Wenye injini hiyo humlipa kidogo kwa kila mteja anayepitia kwao, ndiyo maana kompyuta zake zote hufungukia hapo.

"Dada yangu, mimi nauza saa za intaneti, siuzi ukweli," alimwambia. "Sokoni nyanya nzuri si hupangwa juu? Ulipaswa kupekua chini."

"Nyanya mbovu haimshushi mtu kwa machela," Theodora akamjibu, na chumba kizima kikageuka kutazama.

Sasa hatafuti pahali pamoja. Anaandika maneno yake katika injini mbili zisizouza nafasi za juu, kisha anaingia kwenye hazina ya makala za madaktari aliyoonyeshwa na Nasrin. Kabla ya kusoma anauliza: nani kaandika, na anauza nini? Anayeuza safari za mlima anamruka.

Huko amekuta kwamba kuzaliwa Kilema hakumkingi mtu na hewa nyepesi ya kilele cha Kibo. Yeyote apandaye haraka anaweza kuugua. Kichwa kikimuuma na akitapika, asipande zaidi. Akihema hali amekaa, ashushwe mara moja.

Maelezo hayo mapya alimpelekea Bwana Elifuraha, msimamizi wa kampuni. Akasoma, akamrudishia.

"Mama, ukiwaambia hivi, kila mvivu atasema kichwa. Nani atabeba mizigo ya wageni? Soma ile ya zamani."

"Ile ya zamani kasome wewe. Kisha mtume mwanao atangulie na mzigo."

Akaambiwa asirudi tena kazini.

Elfu ishirini zimekwenda, na uani kwa kampuni haingii tena. Lakini Jumapili hii, baada ya misa, wakati wa matangazo, Theodora atasimama mbele ya waumini. Katekista Remigius amemkubalia, baada ya matangazo ya ndoa.

Hatasema na wapagazi. Atasema na mama zao.

"Kijana akichekwa na wenzake huko juu, atapanda tu," anasema. "Lakini mama yake akishajua, atamwambia kabla hajafunga mzigo: kichwa kikiuma shuka, rudi hata mikono mitupu, ndizi zipo."

Remigius amemwomba asizidishe dakika tano.

"Sifupishi hata neno," anasema Theodora, akikunja karatasi zake. "Wakinikatisha, nitaendelea nje, pale penye ngazi. Hapiti mtu mpaka anisikie."