Mashine ya Kuniamkia Mimi

Jamani, mimi niliishia darasa la saba, na kwenye duka letu la kuchapa hapa Newala ndiye mdogo kuliko wote. Kutwa natoa shikamoo, marahaba napokea tu. Nikaona bora mashine iniamkie mimi.

Kompyuta ni moja na wote tunaingia kwa jina moja. Kuna faili la mipangilio, mashine hulisoma kila ukifungua skrini nyeusi ya kuandikia amri. Nikaandika humo: "Shikamoo bosi. Mama Zuhura hajafika, tulia." Mama Zuhura ndiye mwenye duka.

Fundi wa kompyuta wa Masasi alishanionya: ya kwako weka kwenye folda yako, kisha iambie mashine ikayasome huko. Folda nikatengeneza, faili nikanakili, nikajipiga kifua. Kumbe lile la wote nimeliacha na maneno yangu, na mashine sikuiambia kitu.

Asubuhi Mama Zuhura akaja na mwalimu wa shule ya Mkunya, aliyetaka kutupa kazi ya kuchapa mitihani. Tukiikosa, kibarua changu kinaota nyasi, Mama Zuhura alishaniambia. Akafungua skrini nyeusi, maana amri za kuchapa tunaziandika humo, amwonyeshe tunavyochapa.

"Kumbe inaamkia watu," mwalimu akacheka.

"Marahaba," Mama Zuhura akaijibu mashine, kafurahi. Kisha akasoma maneno yaliyobaki, kwa sauti, polepole.

"Haya, nimefika," akasema. "Bosi yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole, kama darasani.