Felista, Fundi wa Mashine za Boti

Pale kijijini Ulemo mashine ya kusaga ikigoma, watu walikuwa wanamwita Nathan. Alikuwa fundi wa karakana, akapunguzwa kazi karakana ilipofungwa, akajenga kibanda chake nyumbani. Haikupita miaka mingi macho yake yakaanza kuingia ukungu, na hospitali wakamwambia hayatapona. Mkewe Felista, ambaye mpaka hapo alikuwa mkulima wa alizeti, ndiye aliyeshika spana. Nathan alikaa kwenye kigoda, mashine ikiwashwa anasikiliza mlio na kutaja tatizo, kisha anauliza, Felista anamweleza anachokiona, kisha anafanya anachoelekezwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza masharti na kila mtu anajaribu biashara. Abdulmajidi, mfanyabiashara wa Singida mjini, alinunua Mwanza mashine ya boti iliyochakaa, ya silinda mbili na kabureta mbili, ili aitumie kukusanya samaki wa Ziwa Kitangiri. Ilimsumbua tangu mwanzo. Ilikuwa ngumu kuwaka, ikiwaka inatetemeka, na mara nyingine ukivuta kamba inakurudisha mkono kwa nguvu. Mafundi wa mjini walishindwa. Akaipakia kwenye pikapu akaileta Ulemo.

Alipomwona Felista anafungua kifuniko, alimuuliza Nathan fundi yuko wapi.

"Ndiye huyo," Nathan alisema. "Mimi ni masikio tu."

Walianza na kabureta. Felista aliona ya juu inafunguka mapema, ya chini bado imelala. Alilegeza skrubu ya fimbo inayoziunganisha, akaacha zote mbili zijifunge kabisa, akakaza, kisha akavuta waya wa mafuta polepole mpaka akaridhika kwamba zinafunguka pamoja. Baada ya hapo wakarekebisha platini, kifaa kinachoamsha cheche ya plagi, kwa kufuata alama zilizochongwa kwenye gurudumu la juu, lile linalozungushwa na kamba, ili cheche ipige kwa wakati wake. Waliitumbukiza mashine kwenye pipa la maji, ikawaka. Ilikuwa na nafuu kubwa, na Abdulmajidi akaanza kutafuta kamba za kuifunga kwenye pikapu.

Felista hakuridhika. Mashine ilikuwa bado inakatakata kila ikiongezwa mafuta. Abdulmajidi alisema inatosha, samaki wake wanaoza.

"Kaka, ziwa lile ni pana," Felista alimwambia. "Ikizimika katikati, utarudi kwa kasia."

Alitoa plagi, akaingiza spoki ya baiskeli kwenye tundu lake, akalizungusha gurudumu taratibu kwa mkono huku pistoni ikiipandisha spoki. Ilipofika juu kabisa, alama ya gurudumu ilikuwa haijaufikia mshale uliochongwa kwenye mashine, ingawa vilitakiwa kukutana hapo. Alimweleza mumewe, Nathan akakataa. Maisha yake yote alifuata alama, na alama huchongwa kiwandani.

"Alama inasema hivyo, Baba Elizabeti. Pistoni inasema vingine," Felista alimwambia.

Nathan aliomba aongozwe mkono. Aliishika spoki kwa vidole viwili, gurudumu likazungushwa tena, naye akasikilizia ilivyopanda, ikasimama, ikaanza kushuka. Akauliza alama iko wapi sasa hivi. Felista akamwambia.

"Ling'oe hilo gurudumu," akasema.

Chini yake, kipande kidogo cha chuma kinacholishikilia kwenye shafti kilikuwa kimekatika nusu. Gurudumu lilikuwa limehama, na alama zimehama nalo. Kila aliyezifuata aliiweka cheche mahali pabaya. Felista alichonga kipande kipya kwa tupa, akawa anakijaribu na kukipunguza mpaka kikakaa bila kucheza. Akapanga platini upya. Mashine ikarudishwa kwenye pipa, kamba ikavutwa mara moja tu, ikawaka. Maji ya pipa yalirukaruka, lakini mlio ulikuwa mmoja, laini, hata mashine ilipoongezwa mafuta.

Mvua zilipokwisha Abdulmajidi alirudi na wavuvi wa Kitangiri, nao wamebeba mashine zao. Mmoja alimwamkia Felista shikamoo kabla hajagundua kwamba ni wa rika lake. Felista akacheka, akamwonyesha pa kukaa, akaendelea kunawa grisi.

Ila kitu kimoja pale kibandani kilibadilika. Mashine ikiwashwa, Nathan hakuanza tena yeye kusema ina tatizo gani. Alimuuliza kwanza mkewe, "Wewe umesikiaje?"