Mbuzi Aliyefichwa Kanisani

Zamani Las Tusas, kijiji chetu, iliamshwa na kondoo wakishuka mlimani. Siku hizi inaamshwa na magari ya watu wa mjini, wanaokuja kupiga picha kuta zetu za udongo na kuuliza bei.

Eufemio Archuleta alikuwa mchungaji wa mwisho. Malisho ya mlimani, yaliyokuwa ya kijiji kizima tangu enzi za mababu, yalizungushiwa waya, na dada yake Odila, aliyerithi kundi pamoja naye, akatafuta mnunuzi. Eufemio hakubishana. Asubuhi ya kuuza, ukungu ukiwa bado umeulalia mto kama sufi iliyofuliwa, alimchukua Askofu, beberu aliyehasiwa mwenye ndevu ndefu, akamfungia ndani ya kikanisa, miguuni pa sanamu ya Mtakatifu Isidro. Kwetu kila mtu anajua: bila mbuzi wa kuwatangulia, kondoo hawavuki hata daraja, sembuse kupanda lori.

Lori likaja. Kondoo wakasimama mbele ya ubao wa kupandia, wakiutazama mlima kama waliomo ndotoni.

"Mzee, hawa viziwi?" dereva, ambaye ndiye mnunuzi, akauliza.

"Wamekusikia. Hawajakupenda tu."

Odila akacheka, kisha akamkazia macho. "Kaka, Askofu yuko wapi?"

"Anasali."

"Hata akisali mwaka mzima! Nyasi utazitoa wapi? Utawalisha upepo?"

Eufemio akainua macho mlimani. Mawazoni alikuwa akiona theluji ikianguka mapema, lori likirudi tupu, waya ukiliwa na kutu, kondoo wakielea juu kwenye misonobari kama moshi wa majiko ya jioni.

Ndipo wapakiaji wa lori wakaokota fimbo. Ya kwanza ilimpata kondoo jike mzee usoni. Hakulia, aligeuka tu, akamtafuta Eufemio kwa macho. Kondoo wale walizoea kuongozwa, hawakuwahi kuswagwa.

Eufemio akaenda kanisani. Askofu alikuwa ameshamaliza maua ya karatasi ya mtakatifu.

"Haya, baba. Twende."

Beberu akapanda ubao taratibu, na kundi zima likamfuata kimya, jeupe, kama maji yanayopanda kilima.

"Mbuzi sikumnunua," dereva akasema.

"Mchukue. Huko waendako, nani atawatangulia?" Eufemio akajibu.

Mara ya mwisho tulipowaona, lori lilikuwa likikata kona ya mtoni. Kondoo wote, nyuma ya mbao, walikuwa wameelekeza nyuso mbele, alikosimama Askofu. Hakuna aliyegeuka.